Kiwanja, Nyumba na Fedha za Mavuno

(Mazungumzo kwa makatibu wa vyama vya msingi, yanayochapishwa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuhudhuria.)



Pamba ikishapimwa na malipo yakishaingia, mkulima wa Kishapu au wa Kahama hubaki na swali zito: fedha iliyozidi mahitaji ya nyumbani ifanye kazi gani? Kwa wazee jibu lilikuwa ng'ombe. Ng'ombe alikuwa akiba, alikuwa mahari, na mwaka wa njaa alikuwa chakula. Siku hizi jibu la pili limeenea katika kila kijiji, nalo ni kununua kiwanja au nyumba ya kupangisha mjini, hasa katika miji ya dhahabu kuanzia Kahama na Kakola hadi Masumbwe, Katoro, Nyarugusu na Geita yenyewe. Makatibu wengi wamekwisha kuombwa ushauri na wanachama juu ya jambo hili, na vyama vya akiba na mikopo hupokea maombi mengi ya mikopo yenye maneno hayo mawili tu: "kununua kiwanja".

Wapo wanaushirika wa umri mkubwa wanaolitazama jambo hili kwa jicho la mashaka, nao wana sababu. Chini ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kiongozi alikatazwa kuwa na nyumba ya kupangisha, na mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000. Mwenye nyumba ya kupangisha alihesabiwa katika kundi la wanyonyaji. Miiko hiyo ililegezwa mwaka 1991, na hata hivyo hapana anayeweza kumwita kabaila mkulima aliyejenga vyumba vitatu Kahama kwa jasho la pamba yake. Hatari inayomkabili mkulima huyo ni kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayenyonywa, na atanyonywa kwa karatasi yenye muhuri.

Kwanza ni vyema ifahamike ni kitu gani hasa kinachonunuliwa. Katika nchi hii ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ameshikilia kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Anachouza muuzaji ni haki ya kuitumia tu. Kabla ya Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, ardhi tupu haikuhesabiwa kuwa na thamani. Kilichothaminiwa ni maendelezo yaliyo juu yake, yaani nyumba, miti na mazao. Sheria za 1999 zilikubali kwamba ardhi ina thamani, na ndipo biashara ya viwanja ikapata nguvu. Haki yenyewe huja kwa sura mbalimbali. Ipo hati miliki ya eneo lililopimwa, inayotolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Ipo hati ya haki miliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji. Ipo leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Na ipo ile inayouzwa zaidi kuliko zote katika miji ya dhahabu, yaani karatasi ya mauziano iliyoandikwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji.

Karatasi hiyo ya mwisho si haramu, lakini haistahili kupewa heshima isiyo yake. Muhuri wa mwenyekiti huthibitisha kwamba mwenyekiti ameona watu wawili wakipatana. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Na pale ambapo eneo bado ni ardhi ya kijiji, mwenyekiti peke yake hana uwezo wa kugawa. Hata halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Mahakama ya Rufani ilikwisha kuamua tangu mwaka 1985 kwamba mauzo ya ardhi ya kijiji yasiyoidhinishwa na halmashauri ya kijiji ni batili. Pembezoni mwa Katoro au Kahama, ambako jana kulikuwa na shamba la mihogo na leo kuna vigingi vya viwanja, swali la kwanza la mnunuzi liwe hili: hapa pangali kijiji, au pamekwisha kuwa mji? Jibu linapatikana halmashauri, katika ofisi ya ardhi, mbele ya mchoro. Huko huko ataoneshwa kama kiwanja anachokitamani ni makazi, au ni mahali palipotengwa kwa shule, soko au barabara. Viwanja vya bei nafuu sana aghalabu ni hivi vya namna ya pili. Wengine wamejenga ndani ya hifadhi ya barabara kuu, ambayo kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na wameamka asubuhi wakakuta ukutani alama ya X nyekundu.

Sasa yafaa kusimulia yaliyowapata wakulima watatu wa kijiji kimoja wilayani Kishapu, wote wanachama wa chama kimoja cha msingi. Walichanga fedha za misimu miwili, wakanunua nyumba ya vyumba vitano katika kituo kimoja cha wachimbaji upande wa Geita. Dalali aliwapeleka siku ya Jumamosi mchana. Vyumba vinne vilikuwa na wapangaji, na cha tano alikaa muuzaji mwenyewe, mtu mkarimu, mwenye lugha laini, aliyeeleza kwamba anauza kwa sababu anataka mtaji wa karasha. Karatasi iliandikwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mashahidi wanne walitia sahihi. Fedha zilihesabiwa mezani, noti kwa noti, na dalali akachukua chake hapo hapo. Kwa miezi mitatu kodi iliingia vizuri, na wale watatu wakawa mfano kijijini.

Mwezi wa nne alifika mama mmoja na watoto wawili, akitokea kwao alikokwenda kumwuguza mzazi wake. Nyumba ile ndiyo aliyoolewa ndani yake, na maji ya kufyatulia tofali zake aliyachota yeye. Alikuta mlango wa chumba chake umetiwa kufuli geni. Hakupiga kelele, alikwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, husema kwamba mume au mke hawezi kuuza, kutoa zawadi, kupangisha wala kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa ingalipo. Baraza likatengua mauzo. Muuzaji akaamriwa kurudisha fedha, lakini alikuwa amekwisha kuhama. Dhahabu ilikuwa imefumuka mahali pengine naye ameifuata, na hapana aliyejua ni pori gani. Yule dalali alisema kazi yake ilikuwa kuonesha nyumba tu. Mmoja wa wale watatu alikuwa ameuza ng'ombe wanne ili kutimiza sehemu yake, na wawili kati ya hao walikuwa maksai wa kulimia. Msimu uliofuata alilima kwa jembe la mkono, na pamba aliyoleta ghalani ilikuwa chini ya nusu ya ile ya mwaka uliotangulia. Katibu aliyepima pamba hiyo hakuhitaji kuelezwa sababu.

Yule mama hakuwa na kosa lolote, na Baraza halikukosea. Kilichokosekana ni swali moja kwa jirani: katika nyumba hii hulala nani na nani? Mpangaji wa chumba cha pili angejibu kwa dakika moja. Kwa hiyo mwanachama anayekwenda kununua nyumba na asikubali kuketi mezani mpaka mke au mume wa muuzaji naye ameketi, ametaja jina lake na kutia sahihi. Muuzaji akidai kwamba hana mke, au ameachana naye, aoneshe talaka ya mahakama au aape mbele ya wakili. Akikasirika, na akasirike. Hali kadhalika nyumba ya marehemu: si mtoto mkubwa, wala baba mdogo, wala mjane peke yake mwenye uwezo wa kuuza, bali msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kwa Mahakama ya Mwanzo uteuzi huo huandikwa katika Fomu Na. IV. Fomu hiyo ikishaonekana, bado ni busara kuwaona warithi wengine wakakiri kwamba wanajua nyumba inauzwa na kwa bei gani, kwa maana msimamizi naye anaweza kuwadhulumu ndugu zake, na kesi ikaja kumwangukia mnunuzi.

Wapo wanaodhani kwamba mali nzuri hupatikana kwa dalali. Dalali ana kazi yake, lakini mali anayoitembeza sokoni imekwisha kuonwa na wengi na kukataliwa na wengi. Bei ya haki aghalabu hupatikana mahali palipo na mtu mwenye sababu ya kweli ya kuuza: mtumishi aliyehamishwa, familia iliyomaliza mirathi na kutaka kugawana fedha, mfanyabiashara anayerudi kwao Mara au Kigoma, mkopaji aliyeona deni linamzidi na anataka kuuza mwenyewe kabla ya mnada. Watu hawa hawabandiki matangazo. Hujulikana kwa fundi wa mabomba, kwa mwenye duka la pembeni, kwa mlinzi, kwa mjumbe wa mtaa. Katibu mmoja wa chama cha mpunga alitaka nyumba Kahama. Alichagua mitaa miwili tu, akaitembelea kila alipopeleka mpunga mashineni kwa muda wa mwaka mzima, akinywa chai katika mgahawa ule ule. Alijifunza kodi ya chumba chenye umeme na kisicho na umeme, nyumba zipi hukaa tupu na kwa nini, na ni upande gani maji ya mvua hupita. Nyumba aliyonunua hatimaye haikuwahi kufika kwa dalali yeyote; mwenyewe alimfuata mgahawani. Naye alijua bei yake kabla haijatajwa.

Njia nyingine, ambayo wakulima huidharau kwa sababu haina harara ya soko, ni kununua viwanja vilivyopimwa na halmashauri yenyewe. Bei yake hutangazwa, malipo huwa na stakabadhi ya Serikali, na bikoni ziko ardhini. Havipatikani kila mwaka, na masharti ya kuendeleza yasomwe kwa makini, lakini hakuna mke aliyefichwa ndani yake. Mnada wa benki nao unaweza kuwa na bei nzuri. Ila anayenunua mnadani aangalie kama mkopaji alipewa notisi zake zote kwa mujibu wa sheria, na kama nyumba ina watu ndani, maana kuwatoa ni kazi na gharama ya peke yake.

Kuhusu miji ya dhahabu yenyewe ni lazima kusema kwa urefu kidogo, kwa sababu bei ya nyumba huko haiongozwi na mambo yale yale yanayoongoza bei ya nyumba Shinyanga mjini. Mji unaosimama juu ya mgodi mmoja husimama kwa mguu mmoja. Kakola inategemea Bulyanhulu, mgodi uliofunguliwa mwaka 2001 baada ya wachimbaji wadogo kuondolewa eneo hilo mwaka 1996. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia makinikia kusafirishwa nje ya nchi, na ilipofika Septemba mwaka huo kampuni iliyokuwa ikiendesha mgodi ilitangaza kupunguza shughuli na wafanyakazi. Kazi hazikurejea mpaka baada ya maafikiano kati ya Serikali na kampuni ya Barrick, yaliyozaa kampuni ya Twiga. Mwenye vyumba vya kupangisha hakuwa na sauti katika mambo hayo yote. Aliyasikia redioni kama mtu mwingine yeyote. Buzwagi nao, mgodi ulioanza uzalishaji mwaka 2009, ulifungwa mwaka 2021. Lakini Kahama haikufa, kwa sababu ina miguu mingine: soko la mpunga na mchele, barabara kuu ya kwenda Rwanda na Burundi, bandari kavu ya Isaka iliyo karibu, na maduka yanayohudumia wilaya kadhaa. Geita vilevile iliongeza mguu ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya mwaka 2012, kwani ofisi huleta watumishi, na mtumishi hulipa kodi hata dhahabu ikishuka bei. Daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni ya kivuko katika njia ya Mwanza hadi Geita. Mwanachama na ahesabu miguu ya mji kabla hajahesabu vyumba vya nyumba.

Vituo vidogo vinavyofuata mfumuko wa dhahabu, ile ambayo wachimbaji huiita rashi, ni jambo jingine kabisa. Pori linaweza kuwa na watu maelfu kwa mwezi mmoja, na chumba cha mabati na turubai kikalipiwa kwa wiki kodi inayozidi ya nyumba ya tofali mjini. Mtu asidanganyike. Hapo anayejenga na ajenge kitu kinachoweza kufunguliwa misumari, kupakiwa katika lori na kuhamishwa, na atarajie kurudisha mtaji wake katika miezi, si katika miaka. Kumwaga zege katika mahali pa rashi ni kuzika fedha. Tena mahali hapo mara nyingi ni eneo la leseni ya uchimbaji ya mtu mwingine. Madini yote yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Taifa, hata chini ya shamba lenye hati, na anayepewa leseni ya kuyachimba si lazima awe mwenye shamba. Ofisi ya madini ina ramani ya leseni. Kuitazama kabla ya kununua ni safari ya siku moja.

Wako pia wanaonunua viwanja kando ya migodi mikubwa wakitumaini kulipwa fidia. Huko Nyamongo, wilayani Tarime, majengo yanayosimamishwa haraka kwa tumaini hilo yamepewa jina la tegesha. Sheria inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka, lakini inatolewa kwa mali iliyokuwapo wakati wa uthamini, na jengo lililoongezwa baada ya hapo halihesabiwi. Anayenunua kwa mwenye kiwanja kilichokwisha kuthaminiwa anaweza kukuta kwamba jina lililomo katika daftari la fidia ni la muuzaji. Biashara hii haifai kwa fedha za mkulima, na haifai kabisa kwa mkopo wa chama.

Ardhi yenyewe nayo itazamwe kwa macho. Hapa wakulima wana elimu ambayo watu wa mjini hawana, na inashangaza jinsi wanavyoisahau wanapofika mjini. Msukuma yeyote anajua luseni ni mchanga na mbuga ni udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Lakini huyo huyo hununua kiwanja cha mbuga mwezi wa nane, kikiwa kikavu na safi, akajenga juu ya msingi mwepesi na kushangaa kuta zikipasuka mwaka wa pili. Kiwanja kitazamwe wakati wa mvua. Katika miji ya dhahabu kuna hatari ya ziada: mashimo ya zamani, yaani maduara, yaliyofukiwa kwa takataka na kifusi kisha yakauzwa kama kiwanja. Ardhi hiyo huzama. Kuna pia sehemu zilizokuwa mialo ya kuoshea dhahabu kwa zebaki, na marudio yake yakaachwa hapo. Zebaki ni sumu, haionekani kwa urahisi, na kisima kisichimbwe mahali kama hapo. Wazee wa mtaa hukumbuka ni wapi palikuwa na mwalo. Na kwa nyumba iliyo karibu na shimo kubwa la mgodi, nyufa zichunguzwe na wenyeji waulizwe juu ya mitikisiko ya baruti.

Maji ni nusu ya kodi. Kabla ya mwaka 2009 mji wa Shinyanga ulitegemea bwawa la Ning'hwa. Mwaka huo maji ya Ziwa Viktoria yalifikishwa Kahama na Shinyanga kwa bomba kubwa kutoka Ihelele. Tangu hapo nyumba yenye bomba uani hupata mpangaji kabla ya ile isiyo nalo, hata kama ya pili ina rangi nzuri zaidi. Mnunuzi afungue bomba mwenyewe, na afanye hivyo asubuhi na jioni. Aulize pia mita ya umeme ni ya nani na kama ina deni, kwa kuwa tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme, na malimbikizo huja na mita.

Sasa hesabu. Uchukuliwe mfano wa nyumba ya vyumba sita inayouzwa shilingi 14,000,000, kila chumba kikipangishwa kwa shilingi 30,000 kwa mwezi. Dalali atazidisha: 180,000 kwa mwezi, 2,160,000 kwa mwaka, na baada ya miaka sita na nusu fedha imerudi. Hesabu hiyo haina kosa la kuzidisha, ila ni hesabu ya nyumba isiyokaa tupu hata siku moja, isiyovuja, isiyojaa choo na isiyolipa kodi ya Serikali. Mwanachama na ahesabu hivi: kila chumba kitakaa tupu miezi miwili kwa mwaka, kwa hiyo mapato ni 1,800,000. Kodi ya pango ya asilimia 10 ni 180,000. Matengenezo, kunyonya choo na posho ya mtu wa kukusanya kodi, kwa kuwa mwenyewe yuko shambani, ziwe 250,000. Hubaki 1,370,000. Kisha kwenye bei ya kununulia iongezwe gharama ya wakili, upekuzi, ada na safari, tuseme 700,000, jumla 14,700,000. Fedha itarudi baada ya zaidi ya miaka kumi na nusu. Kama mwanachama anataka irudi katika miaka minane, azidishe 1,370,000 mara nane, apate 10,960,000, aondoe zile 700,000 za gharama. Bei yake ya juu kabisa ni kama 10,250,000. Aiandike bei hiyo katika kipande cha karatasi nyumbani kwake, akiwa ameketi na mkewe, kabla ya kupanda gari. Mezani, mbele ya dalali na soda, hesabu hubadilika.

Mapatano yakifikiwa, malipo yafanywe benki kwa akaunti ya muuzaji, na mkataba uandikwe na wakili, kwa sababu sheria haitambui mkataba wa mdomo katika mauzo ya ardhi. Kama kuna hati miliki, upekuzi rasmi ufanywe kwa Msajili wa Hati kabla ya senti moja kutolewa, nao utaonesha kama kuna rehani au zuio. Baada ya kulipa kazi haijaisha: uhamisho usioandikishwa humwacha mnunuzi akiwa na karatasi tu, ilhali daftari la Serikali bado linasema mali ni ya mwingine. Muuzaji anadaiwa kodi ya asilimia 10 ya faida yake, na ikafahamike tangu mwanzo ni nani atakayeilipa, maana mauzo mengi hukwama hapo na hati ikalala mezani kwa miaka. Ugomvi ukitokea, baraza la kata tangu mwaka 2021 limebaki na kazi ya kusuluhisha, na uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye madai ya ardhi ana miaka 12 ya kuyaleta, kwa hiyo ukimya wa miaka mitatu si ushahidi kwamba hapana mdai.

Makatibu wana wajibu wao. Mkopo wa kununua kiwanja usitolewe kwa maneno matupu. Faili liwe na nakala ya mkataba, matokeo ya upekuzi au barua ya halmashauri, na sahihi ya mwenzi wa mkopaji. Si haki katibu kuwa dalali wa wanachama wake, akipokea kamisheni upande wa pili, na jambo hilo limekwisha kutokea. Fedha za chama zenyewe, yaani ushuru na akiba, haziwezi kununua nyumba bila azimio la mkutano mkuu, wala chama hakiwezi kuuza au kuweka rehani jengo lake bila idhini ya Mrajis.

Na kabla chama hakijatazama nyumba za watu, kitazame mali zake chenyewe. Vyama vingi vya Shinyanga na Geita vina maghala yaliyojengwa tangu enzi za Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955. Vyama vilipovunjwa mwaka 1976 mali zilikabidhiwa kwa vijiji na mashirika ya mazao. Viliporudishwa kwa Sheria ya mwaka 1982 maghala yalirudi, lakini mara nyingi bila karatasi. Leo baadhi ya viwanja hivyo viko katikati ya miji, vina thamani kuliko pamba yote inayopimwa ndani yake, na majirani wanavimega hatua moja kila mwaka. Chama kilicho na ghala la namna hiyo hakina haja ya kutafuta kiwanja Katoro. Kinahitaji kumwita mpima, kuomba hati, na kuwachukua wale wazee wawili au watatu waliokuwapo ghala lilipojengwa, watembee nao mpaka kwa mpaka, na maneno yao yaandikwe katika kitabu cha mihutasari pamoja na majina na tarehe, mwaka huu, wakati bado wanaweza kutembea.